Kaka ameona picha zangu za Berlin, sasa najificha

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 25, kwetu Lindi, nasoma shahada ya uzamili Berlin, mwaka wa kwanza. Ili nipate viza, mama aliuza sehemu ya shamba la mikorosho, na kaka akatoa akiba aliyokuwa akidunduliza anunue bodaboda yake. Mwezi wa kumi niliweka stetasi picha nikiwa na wenzangu kwenye lango la Brandenburg, na nyingine tukiwa ndani ya boti mtoni. Kaka akapiga simu: "Kumbe umeenda kutalii, sisi huku tunakula mihogo." Tangu siku hiyo nimewafungia wote wa nyumbani wasione stetasi zangu. Siendi popote. Ni chumbani, darasani, na jikoni kwa hoteli moja ninakomenya karoti siku mbili kwa wiki. Siku hizi saa kumi alasiri giza linaingia. Wenzangu wanapanga safari ya Prague, wananiita, nakataa. Nikitembea nitakuwa mtoto mbaya?
Mwana wa Lindi, Berlin

Marahaba mwanangu.

Hapana, hutakuwa mtoto mbaya. Nenda Prague. Ila kabla hujakata tiketi kuna mazungumzo na kaka yako ambayo umeyakimbia, na hayo ndiyo yanayokunyima usingizi, si picha.

Kaka yako hana ugomvi na lango la Brandenburg. Alipoiona ile boti aliiona pikipiki yake. Mtu aliyeahirisha riziki yake ili wewe upande ndege ana haki ya kuuliza fedha zimefikia wapi, hata kama ameuliza kwa maneno makali. Na wewe badala ya kumjibu umemfungia mlango, yeye pamoja na mama ambaye hakusema neno. Hapo sikubaliani nawe kabisa. Mama yako sasa anaamka, anafungua simu, haoni uso wa mwanawe, na hajui kosa lake.

Wafungulie leo. Kisha mpigie kaka siku ambayo hayuko kazini, umweleze kitu ambacho nina hakika hakuna aliyemweleza: ile akaunti ya benki ambayo mwanafunzi huweka fedha za kujikimu mwaka mzima ili apate viza ya Ujerumani, inavyofanya kazi. Yeye anakumbuka fungu kubwa lililokusanywa, euro 11,904, na ukizibadilisha kwa shilingi ni mamilioni ya kutisha. Kichwani mwake fedha hizo zimekaa mahali na wewe unazichota upendavyo. Mwambie kwamba benki inakuachia euro 992 tu kwa mwezi, basi. Mtajie kodi ya chumba, bima ya afya ambayo bila hiyo chuo hakikusajili, chakula, simu. Taja kwa tarakimu, moja moja, mpaka afike mwenyewe kwenye kile kinachobaki. Mweleze pia kwamba sheria ya Ujerumani inampa mwanafunzi wa kutoka nje kama wewe siku 140 nzima za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280, kwa hiyo huwezi kumenya karoti usiku na mchana hata ukitaka.

Akishaelewa, mwambie utaanza lini kumrudishia akiba yake na kwa kiasi gani. Kiwe kidogo unachokiweza kila mwezi. Usiahidi kikubwa kwa sababu ya aibu ya simu, maana ahadi ya namna hiyo ikivunjika mwezi wa pili, mtagombana upya na safari hii atakuwa na haki zote.

Halafu rudisha picha, lakini uzirudishe zikiwa kamili. Umewaonyesha lango na boti, hujawaonyesha karoti. Mpigie mama picha ya vidole vyako vilivyogeuka rangi ya chungwa baada ya zamu. Mrekodie ile mashine ya dukani inayomeza chupa tupu za plastiki na kukurudishia senti 25 kwa kila moja, naye atacheka na kukuuliza maswali wiki nzima. Mwonyeshe dirisha lako saa kumi alasiri. Ajue unaishi wapi.

Sasa kutembea kwenyewe. Wengi nyumbani wanaamini kutalii Ulaya ni kumwaga fedha, na nahisi nawe umeanza kuamini. Tiketi ya usafiri umeshailipa ndani ya ada ya muhula, nayo inakupeleka kwa basi, tramu na treni za kawaida nchi nzima. Panda basi namba 100 pale Zoologischer Garten, ukae ghorofa ya juu mbele: litakupitisha karibu na bunge na barabara ya Unter den Linden hadi Alexanderplatz bila kukuongezea hata senti. Kuba la kioo juu ya bunge ni bure, unajiandikisha kabla tu. Makumbusho ya Ukuta wa Berlin pale Bernauer Straße nayo ni bure.

Lakini wewe ni mtu wa Lindi, na nimeshangaa barua yako haikumtaja mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa kwetu Lindi! Yuko hapo hapo mjini kwako, katika makumbusho ya Invalidenstraße, amesimama mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, na babu zetu waliibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za mwendo mpaka bandari ya Lindi. Huku nyumbani, katika Bunge la Tanzania, watu wamekuwa wakiulizia habari zake miaka nenda rudi, na wewe unaweza kwenda kumtazama Jumamosi. Nenda ukasimame chini yake, umpigie kaka kwa video ukiwa hapo hapo, umzungushie simu kuanzia vidole vya miguu mpaka kichwa. Natamani nisikie atakachosema.

Siku nyingine nenda Neukölln, kwenye mtaa wa Lucy Lameck. Zamani mtaa huo ulikuwa na jina la Wissmann, yule ofisa wa Kijerumani aliyezima vita vya Abushiri kwenye pwani yetu. Tangu 2021 una jina la binti wa Kilimanjaro aliyepigania uhuru wa Tanganyika. Unaona? Kuna mambo ya kwetu unayoweza kuyaona vizuri ukiwa huko tu, na ukikaa chumbani miaka miwili utarudi na cheti bila kuyaona.

Umeandika kuhusu giza kwa mstari mmoja tu, nami nimeusoma mara nyingi. Kijana anayekataa kila mwaliko na kuongea na karoti anaweza kuzama taratibu. Toka mchana hata kama ni baridi. Ukiona wiki zinapita, hulali wala huli, nenda kwa washauri wa wanafunzi chuoni. Huduma hiyo ipo kwa ajili yenu na wala haimaanishi wewe ni mgonjwa.

Ruhusa yako ya ukaazi inakuruhusu kuingia Jamhuri ya Czech bila viza nyingine. Treni ni kama saa nne na kitu, na tiketi ikikatwa mapema huwa nafuu zaidi. Beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, zote mbili, kwani wakati wa kurudi polisi wa Ujerumani huingia kukagua. Na mama ajue unakwenda wapi, na nani, na unarudi lini, kabla treni haijaondoka.