Kwa aliyeuliza kazi za maktaba Kigoma na Tabora: nilivyopita mimi

Mdogo wangu uliyeandika kutoka Kasulu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umemaliza stashahada ya ukutubi Bagamoyo mwaka jana, upo nyumbani, mjomba wako anakwambia umesomea kutunza vumbi, na unataka kujua mambo matatu: kazi za maktaba huku kwetu magharibi zipo wapi, matangazo yake unayapata vipi kabla muda haujaisha, na kama maktaba zenyewe bado zina maana siku hizi ambapo kila mtu ana simu. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, ni mkutubi hapa Tabora, na kabla ya kuajiriwa nilikaa miaka minne mahali ulipokaa wewe leo. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kazi ya mkutubi ipo kwenye jengo lenye kibao cha maktaba tu. Miezi mingi ilipotea nikizungukia maktaba za umma kuuliza nafasi. Sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya mwaka 1963, Mwalimu alifungua Maktaba Kuu pale Dar tarehe 9 Desemba 1967, kwa hiyo huduma hii ni ya siku nyingi. Lakini mkoani watumishi wake ni wachache, na aliyepata nafasi haondoki hovyo. Ukiweka matumaini yako yote pale utachoka bure.

Tazama vyuo. Hapa Tabora mjini kuna Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wenyeji bado tunakiita Uhazili, kuna Chuo cha Ardhi, Chuo cha Ualimu, Chuo cha Nyuki, na chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA. Kwenu Kasulu kipo Chuo cha Ualimu, tena karibu na nyumbani. Chuo kikikaguliwa ili kipate ithibati, mojawapo ya vitu wanavyouliza wakaguzi ni maktaba na anayeisimamia. Halafu kuna sehemu ambazo wenzetu wengi huzisahau kabisa: Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Tabora na Kigoma, na vituo vya utafiti kama TARI Tumbi ya kilimo hapa Tabora, TARI Kihinga ya mchikichi na TAFIRI ya samaki huko Kigoma. Penye ripoti, sheria na majarida panahitajika mtu wa kuvipanga, hata kama mlangoni hakuna kibao cha maktaba.

Angalia pia cheti chako kimeandikwaje. Kazi za masjala, yaani utunzaji wa kumbukumbu, hutangazwa mara kwa mara kuliko za ukutubi. Kama kozi yako iliunganisha ukutubi na kumbukumbu, soma sifa za mwombaji neno kwa neno kabla hujajiondoa mwenyewe. Mimi nilipitwa na matangazo mawili kwa sababu nilisoma jina la cheo nikaishia hapo.

Sasa nikueleze kilichonibadilisha, maana bila hiki nisingekuwa na la kukuandikia.

Mwaka wa pili nikiwa nyumbani nilikwenda kuomba kujitolea shule moja ya sekondari ya kata, wilaya ya Uvinza, upande wa ziwani. Mkuu wa shule akanipokea vizuri, akasema, "Vitabu tunavyo vingi, mwanangu, na viko salama, vimefungiwa." Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu aliyekwenda masomoni. Ilibidi fundi avunje kufuli. Ndani kulikuwa na maboksi yamepangwa hadi dirishani, mengine hayajawahi kufunguliwa tangu yashushwe kwenye gari. Yale ya chini, ukiyagusa tu yanamomonyoka. Mchwa walipanda kutoka sakafuni wakala vitabu vya fizikia kurasa zote, wakaacha majalada. Nilikaa juu ya boksi nikalia. Mle ndani mlikuwa na vitabu vipya, na darasa la jirani watoto sita walikuwa wanachungulia kitabu kimoja.

Nilifanya kazi ile miezi mitatu. Nilinunua kauntabuku mbili, moja rejesta ya kupokelea vitabu, nyingine ya kuazimisha. Kila kitabu kikapata namba yake, muhuri wa shule, na lebo mgongoni niliyoikata kwenye karatasi ya manila. Fundi wa kijijini alitutengenezea rafu kwa mbao za chaga, na kila mguu wa rafu tuliusimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu ili mchwa wasipande. Uainishaji nilifuata Dewey ile ile uliyosoma Bagamoyo, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada: fasihi ya Kiswahili 896.392, historia ya Tanzania 967.8, uvuvi 639.2. Namba zinazorefuka baada ya hapo niliziacha. Shule ya vitabu mia chache haihitaji namba yenye tarakimu tisa, inahitaji mtoto afike kwenye rafu na kitabu akione. Kila kundi nikalipa rangi yake, nikaandika maneno makubwa ya Kiswahili juu ya rafu.

Siku ya kwanza tulifungua mapumziko ya saa nne. Nilitegemea watakimbilia vitabu vya mitihani. Wavulana wa kidato cha pili, ambao usiku huenda na baba zao kuvua dagaa kwa taa, waligombea kijitabu chembamba cha kukausha na kuhifadhi samaki. Kilizunguka kijiji chote na kikarudi kinanuka dagaa. Wasichana wakamaliza riwaya zote za Kiswahili kabla ya likizo. Pale nikajua kazi hii ni ya nani.

Mwisho wa mwaka vitabu tisa havikurudi, na mwalimu mmoja akapendekeza chumba kifungwe tena. Nilimpelekea mkuu rejesta zote mbili mezani. Nikamwonyesha tisa vilivyopotea, nikamwonyesha na mistari ya maboksi mawili mazima yaliyoliwa na mchwa wakati chumba kimefungwa. Akakaa kimya, kisha akaniambia niendelee. Kamati ya wazazi ikaanza kunipa posho ya shilingi elfu sitini kwa mwezi. Ndogo, najua. Lakini nikapata barua ya utambulisho yenye muhuri, na nikawa na kitu nilichokifanya kwa mikono yangu.

Kuhusu matangazo. Nafasi nyingi za serikali hupita Sekretarieti ya Ajira, kwenye Ajira Portal. Usingoje tangazo ndipo ufungue akaunti. Fungua sasa, jaza kila kitu, weka namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari na cha chuo vikiwa vimethibitishwa na wakili au hakimu. Karatasi ya matokeo ya muda hawaipokei, wanataka cheti chenyewe, kwa hiyo kama chako bado kipo chuoni kifuatilie leo. Barua ya maombi iwe na sahihi yako; wapo wanaoachwa kwa kusahau sahihi tu. Tangazo hukaa wazi kama wiki mbili, na mtandao wa huku unaujua, siku za mwisho usizitegemee. Matangazo ya vyuo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo tafuta jina la cheo kwa lugha zote mbili. Vyuo vya binafsi vingi hubandika tu ubaoni kwao au kwenye tovuti yao, kwa hiyo pita, soma ubao, salimia mkutubi aliyepo. Nafasi mbili nilizowahi kuzisikia mapema niliambiwa na wakutubi wenzangu.

Na hili nalisema kwa uchungu: usitoe pesa. Kuna mtu alinipigia akasema ana ndugu anayeweza kulisukuma jina langu kwa elfu themanini. Nilimtumia nusu, pesa ya mama aliyouza dagaa soko la Mwanga. Simu yake haikupatikana tena. Kuomba kazi serikalini ni bure tangu mwanzo hadi mwisho, na anayekudai ya fomu, ya chai au ya kulisukuma jina ni mwizi.

Usaili nilienda mara tatu, Dodoma, kwa treni kutoka Kigoma. Mara ya kwanza nilianguka kwenye mchujo wa kuandika. Mara ya pili nilivuka mchujo nikaanguka kwenye mahojiano, maana nilijibu kama daftari. Mara ya tatu wakaniuliza sheria tano za maktaba za Ranganathan, mkutubi wa India, alizozitoa mwaka 1931. Nikazitaja: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Mzee mmoja aliyekaa pembeni akaniambia, "Hiyo ya nne, wewe umeifanyia nini?" Nikamweleza rangi za rafu, maandishi makubwa, na jinsi mtoto alivyokuwa anapata kitabu kabla kengele ya kurudi darasani haijalia. Nikamweleza na makopo ya oili. Waliuliza maswali mengi zaidi juu ya makopo yale kuliko juu ya cheti changu.

Nilifaulu, ila nafasi zilijaa, jina likabaki kwenye kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Usikate tamaa ukifikia hapo. Miezi saba baadaye niliitwa kupangiwa kituo, na kituo chenyewe kikawa Tabora.

Kitu kingine cha kukuongezea nguvu: jifunze Koha. Ni programu ya maktaba ya bure, ilitengenezwa New Zealand na ikaanza kutumika Januari 2000, na vyuo vingi vya hapa nchini vinaitumia. Ukipata kompyuta ya kuazima, ifanyie mazoezi ya kuingiza vitabu, kuazimisha na kupokea. Kwenye mahojiano wataona haraka kama umeigusa au umeisoma tu.

Nije kwenye simu, kwa sababu nahisi hapo ndipo mjomba wako anapokuumiza.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Tabora alikuja mama mmoja mjane kutoka upande wa Sikonge. Aliingia akiwa amevua ndala mlangoni, akanisalimu mwangaluka, akabaki amesimama. Nikamkaribisha akae. Alikuwa na simu, tena nzuri, ya mwanawe. Shemeji zake walikuwa wamechukua shamba la marehemu, shauri limepelekwa baraza la ardhi la kijiji, na kila alichokipata kwenye simu kilikuwa maneno ya watu wanaobishana. Alitaka kuiona sheria yenyewe kwa macho yake.

Nilimtolea nakala ya Kiswahili ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hakujua aanzie wapi, na mimi si mwanasheria, sikumwambia atashinda au atashindwa. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha kwenye ukurasa. Tulipofika kifungu cha 60 akanisimamisha. Kinasema baraza lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Akasoma kwa kidole, polepole, mara tatu. Akaniuliza, "Hapa wameandika watatu?" Nikamwambia ndiyo, watatu. Akasema, "Lililokaa kwetu ni wanaume watupu."

Alinakili kifungu kile kwa mkono kwenye daftari la shule la mwanawe, akaandika namba ya sheria na mwaka wake. Nikamwelekeza na ofisi ya msaada wa kisheria, maana mkutubi lazima ajue pia mlango wa pili wa kumpeleka mtu. Baada ya wiki mbili akarudi na wanawake wawili wa kijijini kwake. Hawakuwa na kesi. Walitaka waone ukurasa ule, kwamba upo kweli. Nikawatolea. Wakausoma wote watatu meza moja, kisha mmoja wao akaniuliza kadi ya uanachama inapatikanaje, anataka na kitabu cha nyuki. Nikampeleka kwenye rafu ya 638.1.

Kwa hiyo wiki ijayo fanya hivi. Nenda shule ya sekondari iliyo karibu nawe ukiwa na kauntabuku mkononi, muombe mkuu akufungulie chumba cha vitabu, na usiondoke siku hiyo kabla hujainua boksi la chini kabisa uone hali yake. Anza na kile kitakachokuwa bado kizima. Ukikwama kwenye kuainisha, piga picha ukurasa wenye jina la kitabu uiweke hapa hapa, nikitoka kazini jioni nitakupa namba yake.