Njia muhimu ya mradi: maswali yenu na majibu

Swali: Je, njia muhimu ni ile yenye kazi ngumu au ghali kuliko nyingine?

Jibu: Hapana. Njia muhimu ni mfuatano wa kazi zinazotegemeana ambao jumla ya muda wake inazidi ile ya mifuatano mingine yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mradi. Kazi ya siku moja yaweza kuwamo, na kazi iliyomeza nusu ya bajeti ikawa nje.

Swali: Nitaipataje bila programu ya kompyuta?

Jibu: Kwa karatasi na penseli, na ninasisitiza kila anayepanga ratiba aifanye hivyo walau mara moja. Tuchukue ujenzi mdogo: msingi siku 5, kuta siku 8, kuezeka siku 4, kupachika milango siku 2. Karakana nayo hutengeneza milango kwa siku 9, na huweza kuanza mara msingi unapokamilika. Hesabu kwanza kwenda mbele: msingi unaisha siku ya 5, kuta ya 13, paa ya 17 na kupachika ya 19, ilhali milango inakuwa tayari siku ya 14. Kisha rudi nyuma kutoka siku ya 19, ukiuliza kila kazi yaweza kuchelewa hadi lini bila kusogeza mwisho. Milango inahitajika siku ya 17, kwa hiyo karakana ina nafasi ya siku 3. Kazi nyingine zote hazina nafasi hata ya siku moja, na hizo ndizo zinazounda njia muhimu.

Swali: Nikiongeza mafundi ili kuta zichukue siku 4 badala ya 8, nitaokoa siku 4?

Jibu: Utaokoa 3 tu. Njia ya kuta itashuka hadi siku 15, lakini ile ya karakana, ambayo ni 5, 9 na 2, inabaki siku 16, na sasa yenyewe ndiyo njia muhimu. Siku ya nne utakuwa umeilipia bure. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hukokotoa njia muhimu mwanzoni mwa mradi na kuendelea kuiamini hata baada ya muda wa kazi kubadilika. Punguza kidogo kidogo, ukikokotoa upya kila mara.

Swali: Nani walibuni mbinu hii?

Jibu: Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa kampuni ya kompyuta ya Remington Rand, mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Marekani.

Swali: Katika ratiba ya kwanza, ile ya kuta siku 8, karakana ikichelewa siku 3, nina haja ya kuhofu?

Jibu: Tarehe ya mwisho haitasogea. Hata hivyo, utakuwa na njia mbili muhimu kwa pamoja, na kuchelewa popote kati ya hizo kutauchelewesha mradi mzima. Basi ifuatilie karakana kwa ukaribu uleule unaowafuatilia waashi.