Hewa Kwenye Rejeta na Uchaguzi wa Kulanti

SWALI: Ndugu Mhariri, fundi alibadilisha rejeta ya Subaru Impreza yangu, akajaza maji ya bomba. Tangu hapo mshale wa joto hupanda kila nikikwea mlima, na hita hutoa hewa baridi ilhali injini ina moto. Nashauriwa ninunue pampu ya maji. Je, ni lazima? Na kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ya rangi gani inafaa?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue pampu kwanza. Hita ni rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi na hupitiwa na maji yale yale ya injini, hivyo inapotoa ubaridi huku mshale uko juu, mara nyingi maji yamepungua au hewa imeziba njia.

Injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali na moto maji hufoka na kuunguza, egesha gari pua ikiwa imeinuka kidogo, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha fungua kifuniko pamoja na skrubu ya plastiki ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta. Mimina kulanti taratibu mpaka itokeze kwenye tundu la skrubu bila mapovu, ndipo uifunge. Washa injini, iache iungurume, minya mpira wa juu wa rejeta mara kwa mara ukijihadhari na feni, na ongeza kulanti kila inaposhuka. Wengi huishia hapa mapema mno: kazi haijaisha hadi thamostati, vali inayoruhusu maji kupita rejeta injini ikipata moto, ifunguke, nawe utalitambua hilo pale mpira wa chini, uliokuwa baridi, unapopata moto na hita nayo ikaanza kupuliza joto. Mapovu yasiyokoma baada ya hapo yanatia shaka gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake.

Rangi isikuongoze, kwani ni dawa ya kutia rangi tu na kila kiwanda hujichagulia yake. Fuata kitabu cha gari. Magari ya Kijapani kwa kawaida hutaka kulanti isiyo na silikati. Iliyo nzito changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, lakini iliyokwisha kuchanganywa kiwandani usiiongeze maji. Maji ya bomba yamwage yote, kwa sababu huacha ukoko wa chokaa na kutu ndani ya mirija myembamba, na kwenu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kulanti ni sumu yenye ladha tamu. Iliyomwagika ifute kabla watoto na mbwa hawajaifikia.