Kwa mnaoanza kazi ya chuma cha vinu vya nyuklia

Wengi wenu mnakuja na hamu ya unga wa metali uliosagwa pamoja na chembe za oksidi ya itriamu. Mtaufikia. Kwanza zoeeni karatasi inayochosha kuliko zote: cheti cha kemia, kinachotaja kiasi cha kila elementi ndani ya chuma, hasa mistari ya chini yenye asilimia ndogo zinazoanza na sufuri nyingi.

Tuseme shaba. Vyombo vya shinikizo, yaani mapipa ya chuma yanayobeba kiini cha kinu, vya vinu vingi vya Marekani vya miaka ya 1960 viliungwa kwa waya wa kuchomelea uliopakwa shaba, usije ukashika kutu. Shaba hiyo iliingia kwenye mishono, mingine ikakaribia 0.3%. Nyutroni zinapozing'oa atomu mahali pake, shaba hupata upenyo wa kusogea hata kwenye nyuzi joto 290 hivi, ikajikusanya kuwa vifundo vya nanomita chache. Chuma kinashindwa kunyumbuka. Kikipigwa kingali cha baridi, kinapasuka kama kigae. Kinu cha Yankee Rowe, Massachusetts, kilizimwa 1991 na hakikuwashwa tena. Moja ya maswali yaliyokosa jibu ni kiasi cha shaba kwenye mishono yake.

Tanuru halitakuokoa. Fosforasi utaitoa kwa chokaa na oksijeni, lakini shaba haitoki, kwa sababu chuma chenyewe huungua kabla yake. Mota moja yenye nyaya zake ikipita kwenye skrepa, yaani vyuma chakavu vya kuyeyushwa, basi tena. Ndiyo maana namheshimu mchambuzi wa skrepa kuliko mameneja kadhaa niliowahi kufanya nao kazi.

Kobalti haidhoofishi chuma. Huja na nikeli, kisha ndani ya kinu hugeuka kobalti-60 yenye mionzi, ambayo nusuuhai wake (muda wa nusu yake kuoza) ni miaka 5.27, na anayeumia ni fundi wa matengenezo. Niobi ni mbaya zaidi: niobi-94 ina nusuuhai wa miaka 20,000 hivi. Kwa hiyo EUROFER97, chuma cha Ulaya cha vinu vya muungano wa nyuklia, kina tantali badala ya niobi, na tungsteni badala ya molibdeni.

Kuhusu ule unga wa itriamu: chuma kilichotokana nao usikichomelee kwa kuyeyusha, chembe zitaelea na kushikamana, na kazi yote ya kusaga ipotee. Kama unga umesagwa ndani ya gesi ya argoni, jua kuna gesi iliyonaswa.

Cheti kikisema niobi ni "chini ya 0.01%" wakati kikomo chako ni 0.005%, hujaambiwa kitu. Kirudishe, udai kipimo kingine, na ubakize kipande cha sampuli kabatini.