Kitenzi "klunen" cha Kiholanzi

Je, "klunen" ni kuteleza kwenye barafu? Hapana. Ni kutembea nchi kavu ukiwa bado umevaa viatu vya kutelezea, vile vyenye makali ya chuma, ili kupita sehemu ambayo barafu yake haibebi mtu. Mara nyingi ni chini ya daraja, ambako barafu huwa nyembamba.

Neno limetoka Kifrisia (lugha ya jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi), "klúnje", na Waholanzi wengi walilizoea kupitia Elfstedentocht, mbio za kuteleza kwenye barafu za takriban kilomita 200 huko Friesland (za mwisho zilikuwa 1997). Sehemu za kupandia nchi kavu hutandikwa mazulia au mikeka, kwani jiwe moja tu au mchanga hubutua makali, na ukirudi kwenye barafu chuma hakishiki tena.

Kwenye kunyambua, wanafunzi hukosea hapa: ni "ik kluun", u mbili, si "ik klun". Silabi ikifungwa na konsonanti, irabu ndefu huandikwa mara mbili. Wakati uliopita ni "kluunde", na umbo la timilifu ni "gekluund". Matamshi ya irabu hiyo: tamka "i" huku midomo umeiviringa kama ya "u".