Milioni moja na laki mbili: anza na prosesa

Mkuu uliyeko Igoma, hapa Mwanza, umeuliza kama shilingi milioni moja na laki mbili inatosha kuunda kompyuta ya gemu, na fundi wako anataka uanze na kadi ya picha, ile inayochora picha za gemu. Mimi ningegeuza. Chukua prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G. Ina sehemu yake ya kuchora picha humo ndani, kwa hiyo gemu la GTA V utalicheza kwa mipangilio ya chini huku ukidunduliza hela ya kadi.

Kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiko wengi wanapigwa. Nunua GB 16, lakini vijiti viwili vya 8, si kimoja cha 16; picha za ndani zinakula ramu hiyohiyo, na kijiti kimoja kinazibana vibaya.

Pawa saplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, usiifanyie ubahili. Yangu ya bei chee, iliyokuja na kesi (sanduku la kompyuta), ilikufa hapa Kirumba siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo, ikaondoka na madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Wati 550 zenye alama ya 80 Plus Bronze (ya kutopoteza umeme mwingi) zinabeba hata kadi ya picha ya RX 6600 ukiipata baadaye. Ya kuhifadhia mafaili, SSD ya GB 500 inatosha.

Kesi yenye taa za rangi achana nayo, ila iwe na chujio mbele. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku nimewakuta wamegandamana kwenye feni kama dagaa.