Re: Tashbihi na sitiari nazichanganya, msaada

Mkuu umeuliza tofauti ya tashbihi na sitiari ni nini na kama ukizijaza kwenye hadithi yako itanoga. Tofauti ni ndogo tu, zote zinafananisha kitu na kingine, ila tashbihi ina neno la kiungo, yaani kama, mithili ya, mfano wa, sitiari haina, inabandika moja kwa moja. Ukisema konda wa Kiboroloni ana sauti kama tarumbeta hiyo tashbihi, ukisema konda yule ni tarumbeta ushaingia kwenye sitiari. Kuna na tashihisi, mfano asubuhi hapa Moshi unatoka nje unakuta Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kajifunika shuka la mawingu hataki kuamka, mlima umepewa tabia za mtu hapo.

Ila kujaza hapana aisee. Kile kipande cha hadithi ulichoweka, sentensi moja bibi ni simba, ni mwamba, halafu tena ni bahari, mi nikashindwa hata kumwona huyo bibi mwenyewe! Na "mweupe kama theluji" sawa sisi wa huku tunaiona kule juu, ila hadithi yako iko Tanga, si bora useme kama tui la nazi? Bibi ningemwacha na mwamba tu, simba imeshatumika mno.